Mwenye cheti yuko wapi? Barua ya wazi kuhusu maduka yetu ya dawa

Kwa Waziri wa Afya, Baraza la Famasi, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na waganga wakuu wa halmashauri zote tano za Dar es Salaam.

YAH: MTU ANAYENIUZIA DAWA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua ya kiofisi, nami sitaki mtu aitupe hii kapuni kwa kisingizio kwamba mwandishi hajui taratibu.

Mimi ni fundi cherehani, naishi na kufanya kazi Temeke. Cherehani yangu iko kibarazani, na ng'ambo ya njia, hatua kumi na tano hivi, kuna duka la dawa muhimu. Kwa miaka sita nimelitazama duka lile kuliko ninavyotazama televisheni. Najua linafunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa nne usiku, na mwisho wa mwezi hata saa tano. Najua nani anakuja kwa miguu na nani anashushwa na bodaboda amejikunyata. Nikitaka kujua kama mtaa una mafua, sisubiri taarifa ya Wizara, nahesabu chupa za dawa ya kikohozi zinazovuka njia.

Niseme mapema ili tusipotezeane muda. Siombi maduka haya yafungwe, wala sihitaji kuambiwa tena "muone daktari kwanza". Hayo tunayasikia redioni mpaka tumeyakariri. Duka la dawa ndiyo hospitali yetu ya kwanza, na kwa wengi ndiyo ya mwisho mpaka hali iwe ya kubebwa. Ninachouliza ni kimoja: yule ambaye jina lake liko kwenye cheti ukutani, yuko wapi?

Dirisha la duka lina nondo. Nyuma ya nondo kuna kaunta ya kioo, na nyuma ya kaunta kuna binti wa miaka ishirini na kidogo, mpwa wa mwenye duka, amemaliza kidato cha nne. Sisi wote tunamwita dokta. Mteja akifika mazungumzo huwa hivi:

"Dokta, nipe dawa ya kichwa."

"Kikali?"

"Kikali."

"Elfu moja."

Hapo mgonjwa ameshaonwa. Binti anachukua mkasi, anakata vidonge sita kwenye karatasi yake, anavitia kwenye kifuko kidogo cha plastiki na kuandika juu kwa kalamu ya bluu: 2x3. Kutwa mara tatu. Hakuuliza kimeanza lini, hakuuliza mtu ana mimba, ana presha, ana vidonda vya tumbo, au kama jana usiku alikunywa dawa nyingine. Na simlaumu. Hakuna aliyemfundisha kuuliza, na nyuma ya mteja huyo kuna watu watatu wanagonga kioo kwa sarafu.

Binti huyu ni mwerevu na ana huruma. Anawakopesha wazee. Siku moja alivuka njia akiwa na kiboksi mkononi, akaniambia, "Mama fundi, hapa wameandika kwa Kiingereza inywewe na chakula. Ndiyo kabla au baada?" Mimi ambaye kazi yangu ni kupitisha uzi kwenye tundu la sindano nikamjibu, "Baada." Akashukuru, akarudi kuuza. Mpaka leo sijui mgonjwa yule alikuwa nani, na nikikumbuka najisikia vibaya kuliko nilivyopata kujisikia kwa gauni lolote nililowahi kuliharibu.

Mtauliza kwa nini basi tunaendelea kwenda pale. Jibu ni rahisi, ila nyie mna magari. Zahanati inanila siku nzima. Nipange foleni ya kadi, nipange ya daktari, nipelekwe maabara, nirudi kwa daktari, kisha niende dirisha la dawa, na hapo mara kwa mara naambiwa dawa moja ipo, hizi mbili kanunue nje. Nje wapi? Kwa binti. Kama safari inaishia dukani, kwa nini nisianzie hapo hapo? Mzazi aliyeleta kitambaa cha sare Ijumaa anaitaka Jumapili jioni, hajali kwamba nilikuwa nimekaa kwenye benchi tangu alfajiri.

Tena duka halikuulizi mambo. Wasichana huja Jumatatu asubuhi kutafuta P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Wangekwenda kituoni wangekutana na muuguzi ambaye ni rafiki wa mama zao wa kanisani. Dukani wananong'ona neno moja, wanalipa, wanaondoka. Hakuna anayewaambia kwamba saa zinahesabiwa tangu usiku ule, na zikipita 72 dawa ile si ya kutegemea, wala kwamba haikusudiwi iwe njia ya kila wiki. Wanaume wao huja saa mbili usiku, wanasogeza midomo hadi inagusa nondo. Wanachotaka nakijua, ila barua hii itasomwa na watu wazima wenye heshima zao, niwastahi.

Sasa nisimulie langu.

Mwaka juzi kichwa kilinianza kisogoni, hasa asubuhi. Nikasema ni macho, maana nafanya kazi na uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Nikavuka njia. Nikapewa Panadol. Baada ya mwezi Panadol ikawa kama maji, nikasema nataka kali zaidi, nikapewa diklofenaki. Ikasaidia. Kwa miezi minane nilikuwa mteja wa kila wiki, vidonge kumi, kumi, kumi. Binti akiniona nanyanyuka kwenye kiti anashika mkasi kabla sijavuka.

Siku moja kukawa na upimaji wa bure kwenye uwanja wa shule ya msingi hapa jirani. Nilikwenda kumsindikiza shoga yangu mwenye sukari. Muuguzi akasema, mama na wewe kaa. Akanifunga ule mkanda, akatazama namba, akanifunga tena mkono wa pili. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, umekuja na nani?"

186 kwa 112. Nilikuja na mwenye sukari, nikaondoka mgonjwa zaidi yake.

Daktari aliyenipokea alinitaka nitaje kila nilichokunywa. Nilipofika kwenye diklofenaki akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba dawa za jamii ile, ukizinywa muda mrefu, zenyewe hupandisha presha, zinatafuna tumbo na kuzielemea figo. Nilikuwa nazima moto kwa mafuta ya taa. Akaniuliza nani aliniandikia. Nikasema hakuna aliyeniandikia, nilinunua. Hakunigombeza, na nadhani ningefurahi kama angenigombeza.

Niliporudi mtaani nilikwenda dukani moja kwa moja, na ndipo nikaona kitu ambacho nilikuwa nakitazama kila wiki bila kukiona. Ndani ya kabati la kioo, kati ya maziwa ya kopo na kondomu, kulikuwa na mashine ya kupimia presha. Mpya, ndani ya boksi lake. Inauzwa. Kwa miezi minane nilisimama nusu mita kutoka kwenye kifaa ambacho kingenipa jibu kwa dakika moja, na kilikuwa kimewekewa bei. Mimi, waheshimiwa, siwezi kukata hata kitambaa cha leso bila kushika futi.

Juu ya kabati hilo ndipo kilipo cheti. Kiko ndani ya fremu, kimepigwa na jua mpaka mhuri umekuwa rangi ya maji ya chai. Jina la mtoa dawa nalijua kwa moyo, nimelisoma mara ngapi nikisubiri chenji. Mwenyewe sijamuona hata siku moja kwa miaka sita. Binti naye anasema amemuona mara mbili.

Na hili haliko kwetu tu. Famasi kubwa za barabarani ugonjwa wao ni huu huu, isipokuwa pale cheti ni cha mfamasia. Mtu amesoma shahada ya famasi miaka minne, akamaliza mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, halafu anakodisha jina lake kwa mwenye duka na kwenda kufanya kazi nyingine. Mwenye duka anapata kibali, mfamasia anapata posho ya kila mwezi, mimi napata kijana wa kaunta. Msiniambie hamlijui hili. Mtaani linaitwa kukodisha cheti, na watu wanalitaja bila hata kushusha sauti.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba Serikali yetu iliwahi kulifikiria jambo hili vizuri kuliko wengi. Wakubwa mnakumbuka maduka ya dawa baridi. Sheria iliyaruhusu kuuza vitu vyepesi tu, lakini chini ya kaunta kulikuwa na kila kitu, kwa sababu wateja walikitaka. Badala ya kuwakimbiza wauzaji milele, mwaka 2003 mkaanza mkoani Ruvuma na mpango wa maduka ya dawa muhimu. Mkakiri kwamba watu wanakwenda dukani na wataendelea kwenda, kwa hiyo aliyeko dukani afundishwe. Mkawachukua watu, wengi wao wauguzi wasaidizi, mkawapa mafunzo, mkawapa orodha ya dawa wanazoruhusiwa kuuza, zikiwamo baadhi ya antibiotiki na mseto ya malaria, na mkawaambia ni wakati gani wampeleke mgonjwa mbele. Mpango ukaenea nchi nzima na wageni wakaja kujifunza. Ulikuwa na akili kwa sababu ulimtazama mtu anayesimama nyuma ya kaunta. Leo tumebaki na kaunta na fremu.

Najua mnakagua. Nimeuona ukaguzi kwa macho yangu, nikiwa nimekaa mahali ambapo mkaguzi hawezi kukaa. Simu inalia dukani. Binti anasikiliza, anasema "haya", anatoa kufuli. Shata inashuka. Baada ya dakika mbili ya duka la pale kona inashuka, kisha la karibu na msikiti, kisha la kule kwenye mashine ya kusaga. Mtaa mzima unapatwa na msiba kwa wakati mmoja. Gari lenye namba za Serikali linapita taratibu, linakuta milango imefungwa, linaondoka. Saa nane mchana maiti wote wamefufuka. Siku ile mama mmoja alifika na mtoto anayeharisha wakati shata iko chini. Alisimama pale juani akigonga, akarudi nyumbani na mtoto wake mgongoni. Ukaguzi wa namna ile ulimkamata yeye peke yake.

Na hata akikuta duka wazi, mtoto anayeharisha huuziwa Flagyl ya maji, kwa sababu chupa inaonekana ndiyo dawa. Pakiti ya ORS, ile ya kurudisha maji mwilini, ya kuchanganya na lita moja ya maji safi, pamoja na vidonge vya zinki, ndivyo vinavyomwokoa mtoto, na ni bei rahisi. Lakini ORS ni unga, mama anaona kama amedharauliwa, na binti hana maneno ya kumshawishi. Mtoa dawa aliyefundishwa angekuwa nayo.

Homa nayo ni hivyo hivyo. Mnatuambia tupime malaria kwanza ndipo tunywe dawa, na ni kweli, kipimo cha haraka kinataka tone la damu la kidole na robo saa tu. Dukani homa ni mseto, mkono juu ya paji la uso ndiyo maabara. Mseto ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne kila mara, mara sita kwa siku tatu, mkupuo wa pili saa nane baada ya wa kwanza, na inywewe na chakula chenye mafuta kidogo. Hayo nimeyajua kwa kusoma karatasi ya ndani ya boksi, si kwa kuambiwa dirishani. Nyumba nyingi hapa wakinywa siku moja na jasho likitoka, vinavyobaki vinawekwa juu ya kabati vimsubiri mtoto wa pili.

Mna neno lenu siku hizi, UVIDA, usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Mna mpango wa kitaifa tangu 2017 na mabango mazuri. Njooni basi mlione neno hilo likitembea kwa miguu. Mtu ananunua kapsuli tatu tu za antibiotiki, zile tunazoziita rangi mbili, anameza mbili, ya tatu anaifungua na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Mwenye mafua, ambayo yangeondoka yenyewe, anapewa antibiotiki kwa sababu ameomba "kitu cha kukata". Na kila msichana anayesikia maumivu chini ya kitovu ameshaambiwa ana UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, kabla hajamaliza sentensi.

Naomba nini, basi?

Mwenye cheti akae dukani. Najua mtanijibu, na wenye maduka watanijibu kwa ukali zaidi, kwamba duka dogo la uswahilini haliwezi kumlipa mtaalamu kutoka asubuhi hadi saa nne usiku, likilazimishwa litafungwa au litapandisha bei. Wana haki. Duka la kwetu siku nyingine linauza Panadol na pampasi tu. Lakini hata mimi sina mashine ya kudarizi, natumia ya mwenzangu kila Jumanne na Alhamisi, na wateja wangu wanazijua siku hizo. Ruhusuni maduka matatu manne ya mtaa mmoja yashirikiane mtoa dawa mmoja halali, na saa zake zibandikwe nje kwa herufi ninazoweza kuzisoma nikiwa kibarazani: jina, picha, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Saa ambazo hayupo, binti auze Panadol, ORS, plasta, kondomu na vitu vya namna hiyo, na kabati lingine lifungwe kwa ufunguo ambao hana. Nikiona picha na sura haviendani, mimi mwenyewe nitawapigia. Hamtahitaji gari.

Pili, karatasi. Mtoa dawa akiona jambo limemzidi, aandike karatasi fupi yenye mhuri wa duka, na karatasi hiyo ifanye kazi zahanati. Iniondolee walau foleni moja. Leo akiniambia "mama nenda hospitali" ananiambia tu kwamba nipoteze siku, na yeye anapoteza mteja, kwa hiyo wote wawili tunaona afadhali vidonge kumi vingine. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mnapoendelea kupanga kitita cha huduma, mfikirieni mtu wa kaunta kama mlango wa kwanza wa mfumo huo, alipwe hata kidogo kwa kupima na kuelekeza, siyo kwa kuuza tu. Anayelipwa kwa kuuza atauza.

Ile mashine ya presha itolewe kwenye boksi. Mia tano kwa kipimo, tutalipa.

Mkasi. Tafadhali litazameni suala la mkasi. Mimi sasa natumia amlodipini, dawa ya presha, kila siku, na kwa kuwa nalipwa kidogo kidogo, nanunua vidonge saba kila Jumamosi. Tarehe ya mwisho wa matumizi huchapwa pembeni mwa karatasi ya vidonge, na vipande saba vyangu karibu kila mara vinatoka upande wa pili. Nina kifuko cha Jumamosi iliyopita hapa mbele yangu: kimeandikwa 1x1, na nyuma ya karatasi nasoma herufi "AML" na nusu ya "O". Imetengenezwa lini, inaisha lini, ya kundi gani, sijui. Nikipata madhara nitawaambia TMDA nilikunywa nini? Waambieni wauzaji waandike tarehe ile kwenye kifuko kwa kalamu ile ile ya bluu. Haigharimu hata senti, na binti ana mwandiko mzuri.

Kuhusu foleni za zahanati na dawa kukosekana dirishani sitaandika mengi, mmeshaandikiwa na wengine wenye takwimu. Nasema tu kwamba zahanati ikifunguliwa hadi saa mbili usiku, hata siku mbili kwa wiki, mtaona watu ambao hamjawahi kuwaona: mafundi, mama ntilie, makonda. Sisi huugua baada ya kazi.

Mnakaribishwa kibarazani siku yoyote isipokuwa Jumapili. Njooni jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, ndipo duka linapochangamka. Viti vipo viwili, na kimoja kina mto. Msitangulize simu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi cherehani, Temeke